Kabla ya Kulipia Gesi, Kipimwe Kwanza Kihisi Joto

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Baraza kwa wakaazi wa Wambaa



 

Tangu mwaka 2010 kisiwa chetu cha Pemba kinapokea umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya Wesha. Umeme huo umeleta mengi, na miongoni mwake ni viyoyozi. Nyumba zenye viyoyozi si nyingi, lakini vipo pia misikitini na maofisini, na vingi vimenunuliwa kwa fedha za kuchangishana au kwa msaada wa jamaa walio ng'ambo. Kwa hiyo kiyoyozi kinapoharibika, aghalabu mfuko unaoumia ni wa watu wengi.

Malalamiko yanayosikika kila msimu wa kaskazi hufanana. Kiyoyozi kinawaka, kinapuliza, kisha kinazima mapema na chumba kingali na joto. Au kinyume chake: hakipumziki usiku kucha, chumba kinakuwa baridi kupita kiasi, na uniti za umeme zinakwisha. Fundi akiitwa, jibu la haraka huwa moja: gesi imepungua. Gesi inajazwa, fedha zinalipwa, na baada ya siku chache tatizo liko pale pale.

Ndugu wananchi, naomba tulifahamu hili vyema. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli ya pikipiki. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi. Ikiwa imepungua, basi pana tundu, na tundu lisipozibwa, gesi mpya nayo itatoka. Na ikiwa haikupungua, basi tumelipia dawa ya maradhi tusiyoumwa.

Mara nyingine ugonjwa wenyewe upo katika kifaa kidogo kiitwacho kihisi joto. Ni kichwa kidogo chenye ncha ya waya mbili, na kwa kawaida vipo viwili katika sehemu ya ndani. Kimoja hupima hewa ya chumba inayoingia, na cha pili kimegusishwa kwenye mabomba ya kupoza ili kuzuia barafu isigande. Joto likipanda, ukinzani wa kihisi hushuka. Joto likishuka, ukinzani hupanda. Kiyoyozi hakina macho wala ngozi. Huamini kile tu inachoambiwa na waya hizo mbili.

Hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu. Kutu ikiingia kwenye kiunganishi cha waya, ukinzani huongezeka, na mashine hudhani chumba kimeshapoa. Ndipo inapozima mapema. Unyevu ukivujisha umeme kati ya waya mbili, ukinzani hupungua, na mashine hudhani chumba kinaungua, ndipo isipopumzika. Uniti nazo huondoka kidogo kidogo, na wahenga walisema, bandu bandu humaliza gogo.

Yapo mambo ambayo mwenye nyumba anaweza kuyaangalia mwenyewe, bila bisibisi.

Kwanza, rimoti. Hakikisheni imewekwa kwenye alama ya theluji, na kiwango cha joto kiwe chini ya joto la chumba. Baadhi ya rimoti zina kitufe kinachoifanya rimoti yenyewe iwe kipima joto. Kikiwa kimewashwa na rimoti iko kabatini au karibu na dirisha lenye jua, kiyoyozi kitapotoshwa ingawa kihisi chake ni kizima.

Pili, chujio. Litoeni, lioshwe kwa maji, likaushwe kivulini. Chujio lililoziba huzuia hewa na laweza kusababisha barafu, dalili ambayo watu huidhania kuwa ni ya gesi peke yake.

Tatu, pazia au kabati lisirudishe hewa baridi moja kwa moja kwenye mashine.

Nne, wekeni kipimajoto cha kawaida karibu na mahali hewa inapoingilia. Ikiwa mmechagua nyuzi 24 na mashine inaacha kupoza wakati kipimajoto kinaonesha 29, kihisi kinastahili kushukiwa. Taa ikimetameta, hesabuni mara ngapi au andikeni herufi na namba inayotokea. Alama hizo hutofautiana kwa kila kampuni, na fundi atazihitaji.

Yaliyobaki ni kazi ya fundi. Msifungue sehemu ya nje: ndani yake mna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, nao hudhuru.

Fundi akifika, mwombeni azime umeme, achomoe kihisi na akipime kwa mita mbele yenu. Vihisi vingi vya viyoyozi vya nyumbani husoma omu 10,000 kwenye nyuzi 25. Vingine 5,000, 15,000 au 20,000. Kisha achovye kichwa chake, si kiunganishi, kwenye maji yenye barafu. Kihisi kizima kitapanda taratibu hadi takriban mara tatu ya kiwango hicho. Kikiganda pale pale, kikirukaruka au kisiposoma chochote, kimekufa. Kiwekwe kingine chenye kiwango kile kile, kwani kihisi kipya cha kiwango tofauti kitadanganya sawasawa na kibovu. Na kikiwa kizima, kiunganishi kisafishwe kutu kabla ya kutafuta kwengine.

Akisema ni gesi, muulizeni kwa heshima: tundu liko wapi? Fundi mwaminifu hatakereka, kwa sababu naye atalitafuta kabla ya kujaza.

Ndugu zangu, sikuja kuwafundisha ufundi, wala kuwatia shaka mafundi wetu. Nimekuja kuomba kwamba shilingi ya msikiti, ya ofisi na ya nyumbani isitoke kabla ya kupimwa. Kamati zinazosimamia fedha za wengi ziandike katika daftari nini kilipimwa, kilisoma ngapi na nini kilibadilishwa. Fundi wa mwakani ataanzia hapo, na mchangaji naye atajua fedha yake imekwenda wapi.