PISHI YA FITRI IANZIE KATIKA STOO YAKO

(Mazungumzo yaliyotolewa Syokimau mbele ya vijana na familia, mwishoni mwa Shaaban)

  



Niliombwa nizungumzie matayarisho ya jikoni kwa ajili ya Ramadhan. Najua wengine mmekuja na kalamu mkitarajia niwape mapishi ya kaimati na sambusa. Hayo mnayajua, na asiyejua ana shangazi. Mimi leo nataka niwapeleke stoo. Ile kabati ya chini, ule upenyo chini ya ngazi, pale unapoweka unga, mchele na nafaka na kufunga mlango. Na nyinyi vijana wa kiume msianze kusinzia mkisema haya ni ya akina mama. Gunia hubebwa na nani kutoka kwa gari mpaka ndani? Si nyinyi? Basi sikilizeni.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Ramadhan ya mwaka 1445, yaani 2024, nilijiona mjanja. Wiki mbili kabla ya mwezi kuandama nilipita kando ya barabara nikakuta mahindi yakiuzwa rahisi, nikanunua nusu gunia. Nikasema haya ni ya fitri, mwaka huu sitakimbizana na watu dukani usiku wa Idd. Nikayaweka chini ya ngazi, juu ya saruji, gunia limeegemea ukuta. Nikasahau. Mnazijua nyumba zetu hizi za Syokimau. Mvua ikianza, sakafu inatoa jasho kama mtu mwenye homa. Na masika yalikuwa yameshaanza.

Usiku wa ishirini na nane nikafungua gunia nipime. Harufu ilinitangulia. Nikatia mkono ndani, nikahisi joto. Nafaka kavu haina joto, jamani. Nilipoutoa mkono, punje zilikuwa na ukungu wa kijani, zimeshikana.

Sasa sikilizeni shetani alivyo, hata kama amefungwa minyororo nafsi haijafungwa. Nikamwambia mume wangu, "Tuchague yale mazuri mazuri juu, tuyasage. Yakishakuwa unga hakuna atakayeona." Wallahi nilisema hivyo kwa ulimi huu. Binti yangu alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. Akauliza tu, "Mama, huo unga na sisi tutakula?"

Nilinyamaza. Mnaijua aya ya 267 ya Suratul Baqara, inayotukataza kukusudia kilicho kibaya katika mali yetu ndicho tukitoe, hali sisi wenyewe tungepewa tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Nimeisoma aya ile mara ngapi? Nikaja kuielewa kwa swali la mtoto akiwa na sabuni mikononi.

Asubuhi jirani yangu, bibi mmoja mzaliwa wa Makueni, alinikuta nikiyaanika yale mahindi uani. Bado nilikuwa sijakata tamaa, nikidhani jua litayatibu. Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo unaanika ya nini? Ya kuku?" Nikasema labda. Akatikisa kichwa. "Hata kuku usiwape. Sisi tulizika watu."

Alikuwa anasema juu ya mwaka 2004. Vijana wengi hapa mlikuwa hamjazaliwa, kwa hivyo nitaeleza kidogo. Mwaka ule, hapa Ukambani, hasa Makueni na Kitui, na pia Machakos na Thika, watu walianza kugeuka macho manjano, matumbo yakivimba, ini limeharibika. Hesabu iliyotolewa ilikuwa wagonjwa 317, na kati yao 125 walifariki. Sababu ilikuwa mahindi. Yalivunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu, mengine yakawekwa ndani ya nyumba, yakaota kuvu inayotoa sumu iitwayo aflatoksini. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, hapa hapa Machakos, wagonjwa 20 walipatikana na sumu hiyo na 12 wakafa.

Na sumu hii haina adabu ya moto. Ugali unaweza kuusonga mpaka mkono ukatike, bado imo. Kuosha hakuiondoi yote, na jua linakausha nafaka lakini sumu iliyokwisha kuingia halitoi. Ukimpa ng'ombe, inapita mpaka kwenye maziwa. Wala usidhani ni mahindi ya gunia peke yake: Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa 5 za unga wa mahindi wa pakiti kwa sababu hiyo hiyo. Ukungu unaouona kwa macho ni onyo, lakini nafaka inaweza kuonekana safi na ikawa nayo. Ndiyo maana kazi kubwa ni kuzuia unyevu tangu mwanzo.

Tulichimba shimo tukayafukia. Nusu gunia! Usiku ule mume wangu akatoka kwenda kununua mchele kwa bei ya usiku wa mwisho, na mnaijua hiyo bei.

Sasa, tufanyeje? Kwanza tuzungumze kipimo, kwa sababu hapo pia kuna kosa ambalo nimeliona katika nyumba nyingi.

Zakatul Fitri ni pishi moja kwa kila kichwa: mkubwa na mdogo, mume na mke, hata mtoto mchanga, na anayetoa ni yule anayewalisha. Pishi ni vibaba vinne, na asili ya kibaba ni viganja viwili vya mtu wa kadiri vikijazwa. Hiki ni kipimo cha ujazo, si cha uzito, kwa hivyo ukigeuza kuwa kilo utaona hitilafu kati ya mchele na unga, na kati ya shehe na shehe. Wengi hutaja kilo 2 na nusu, wengine husema 3 kwa tahadhari.

Huku bara sisi tunanunua kwa gorogoro. Gorogoro ni mkebe wa kilo 2. Umeona tatizo? Nyumba ya watu sita ikitoa gorogoro sita, imetoa kilo 12. Inatakiwa 15 kwa uchache. Kilo 3 za maskini zimebaki sokoni, na mwenye nyumba amelala akijua ametimiza. Na hapo nimekadiria kwamba ule mkebe ni mzima. Iko mikebe iliyobonyezwa chini mpaka tumbo limeingia ndani. Wenye kufanya hivyo Suratul Mutaffifin inawatosha, mimi sina la kuongeza. Lakini wewe mnunuzi una mizani ya jikoni, au jirani yako anayo. Pima ukifika nyumbani.

Kama nyumba yako mnafuata kutoa thamani yake kwa pesa, kama walivyosema Mahanafi, hayo ni mazungumzo yako na shehe wako, sitayaingilia. Sisi wa pwani tumelelewa katika madhehebu ya Shafii, tunatoa chakula kinacholiwa mahali tulipo. Na mwenye kutoa chakula, kile chakula lazima akilinde.

Mimi siku hizi nafanya hivi. Mwishoni mwa Shaaban, kabla sijanunua hata kilo ya sukari ya nyumbani, nanunua pishi za fitri. Mchele mkavu, wa aina ile ile tunayokula sisi. Natia katika ndoo yenye mfuniko wa kukaza, naandika juu kwa kalamu nene: SI YETU. Watoto walicheka mara ya kwanza. Sasa mdogo wangu wa miaka saba akimwona mgeni anasogelea ndoo ile anapiga kelele. Ndoo haikai chini. Inakaa juu ya ubao, na kati yake na ukuta mkono unapita.

Nafaka nyingine za nyumbani ni vivyo hivyo: zisiguse sakafu, zisiguse ukuta. Kama wewe ni mpenzi wa mahindi ya kupika pure, jaribu hili kabla hujayaweka. Chukua chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu vijiko vitatu na konzi ya mahindi, funga, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado yana maji, usiyafungie. Ikianguka yote chini, yako sawa. Vijana mnaopenda sayansi, kazi hiyo ni yenu.

Na fukusi je? Nafaka iliyokauka sawasawa itie katika mtungi wa plastiki uliooshwa ukakauka kabisa, ujaze mpaka shingoni pasibaki hewa, ukaze kifuniko na usifungue fungue. Wadudu watakosa pumzi wafe. Ndiyo kazi ile ile ya yale magunia ya plastiki ya wakulima yasiyopitisha hewa. Lakini narudia, ikiwa mbichi ukaifungia hivyo, umejipikia sumu mwenyewe. Unga ni tofauti. Usinunue wa miezi mitatu kwa kuogopa bei kupanda. Wa wiki mbili unatosha, duka halihami.

Sasa nije kwenye sufuria, maana naona mama zangu wanaangalia saa.

Miaka hii Ramadhan inatuangukia Februari na Machi. Kwa sisi tunaokaa Ukambani hiyo ni neema, kwa sababu zao la mvua za vuli limevunwa Januari na Februari, na ndengu zimejaa sokoni Mlolongo. Nashangaa tunavyopanda matatu mpaka Marikiti kutafuta cha kufuturu, tukirudi tumechoka na nauli imeliwa, na ndengu tumezipita njiani. Ndugu zangu wa Mombasa, ndengu ndiyo ile pojo ya mama yako. Ni ile ile! Itie nazi. Mimi familia ya watu sita nanunua gorogoro nne kwa mwezi mzima, napika mara mbili kwa wiki, na bakuli la jirani halikosi. Nazi naletewa na ndugu zangu kwa treni. Tangu mwaka 2017 inashusha abiria wa Mombasa hapa hapa kwetu. Husemwa kwamba Syokimau, yule bibi wa Kikamba aliyeupa mtaa huu jina, alitabiri nyoka mrefu atakayepita nchi hii, watu wakasema ni reli. Ghaibu anaijua Mwenyezi Mungu peke yake, lakini huyo nyoka nazi zangu anazileta salama.

Tende nenda Islii, nunua kwa wingi na jirani mgawane. Mboga mama mboga wa getini anakutosha, na naye ana watoto. Vitu vya kukaanga, mnisamehe: kila siku sambusa, bhajia, kaimati na viazi karai katika sinia moja ni mafuta ya lita ngapi? Na saa ngapi mama yenu amesimama pale akikosa hata juzuu moja? Chagueni kimoja kwa siku. Nyumbani kwetu Jumamosi na Jumapili wanaopika ni wavulana. Ndengu zao za kwanza ziliungua, tukala hivyo hivyo tukasema Alhamdulillah, baba watoto akaomba maji mara tatu.

Zile fitri zitoke kabla ya swala ya Idd, na ruhusa ipo ya kuzitoa siku moja au mbili kabla. Zipo familia za ndugu zetu Mlolongo na Athi River zinazongojea hicho chakula ndipo ziwashe jiko siku ya Idd. Wapelekeeni mapema wapate kupika. Na atakayepeleka, apeleke kama mgeni anavyokwenda kwa mwenyeji wake. Tafadhali msipige picha.

Nimekuja na mizani yangu, iko pale mezani, pamoja na gorogoro moja niliyoinunua sokoni juzi. Sitawaambia imetoka kwa nani. Baada ya swala ya Alasiri kila mwenye kutaka aje tuijaze mchele, tuone ina kilo ngapi.