Chanjo Mjini na Shamba

Wasikilizaji, kanuni ya chanjo ya surua hapa Tanzania ni moja kwa kila mtoto, awe amezaliwa Kariakoo au katika kijiji cha mbali cha Kigoma: sindano ya kwanza atimizapo miezi 9, na ya pili miezi 18. Walakini mama wa mjini aghalabu huenda kliniki na kurejea kabla ya adhuhuri, ilhali mwenziwe wa shamba, ambaye pengine zahanati yake i ng'ambo ya mto uliofurika kwa masika, hufika amechoka, mtoto mgongoni na kadi mkononi, akaambiwa arudi siku nyingine.

Muuguzi naye ana udhuru wake. Kichupa cha chanjo hiyo kwa kawaida huwa na dozi 10, na kikishachanganywa na maji yake sharti kilichobaki kitupwe baada ya muda wa saa 6. Basi akiona watoto wawili tu barazani, huchelea israfu. Hofu hiyo yatugharimu zaidi, maana dozi iliyomwagwa huagizwa nyingine, lakini mama aliyerudishwa huenda asionekane tena.

Wala mji usijidhani salama, kwani surua, ambayo kuizuia kwahitaji watoto 95 katika kila 100 wawe wamekingwa, husafiri basini pamoja na abiria, na vichochoro vya mjini navyo vina watoto wasiochanjwa. Kwa hiyo insafu, na hata hesabu ya fedha, zaamuru kichupa kifunguliwe ijapokuwa aliyeletwa ni mtoto mmoja.