Darasa Hujaa kwa Watoto Wangapi? Maamuzi ya Bodi na Hatima ya Shule za Umma za Chicago

Bodi ya shule haihitaji maelezo marefu mbele ya washiriki wa semina hii. Tanzania shule ya msingi ina kamati na sekondari ina bodi. Kenya kila shule ina bodi yake ya usimamizi. Chicago ina bodi moja kwa shule zote za umma za jiji: ndiyo hupanga bajeti, hufungua shule na huzifunga. Shule nyingi zina baraza la wazazi, walimu na wakazi lililotokana na sheria ya mwaka 1988, lakini baraza hilo haliwezi kuzuia shule yake kufungwa. Kuanzia 1995 hadi uchaguzi wa Novemba 2024, wajumbe wote wa bodi waliteuliwa na meya.

Kiini cha mada hii ni kipimo kimoja.

Tarehe 22 Mei 2013, katika kikao kimoja, bodi iliamua kufunga shule za msingi 49 na programu moja ya sekondari. Watoto wapatao 12,000 walihamishwa, wengi wao Weusi wa kusini na magharibi mwa jiji. Walielezwa kwamba majengo yao yalikuwa na nafasi tupu. Nafasi hiyo ilipimwaje? Kila chumba kilichotengwa kuwa darasa la kawaida kilihesabiwa watoto 30. Shule iliyokuwa chini ya asilimia 80 ya hesabu hiyo iliitwa tupu. Iliyofika asilimia 120 bado ilionekana kutumika vizuri. Maana yake, watoto 23 kwa chumba ni kasoro, 36 ni sawa! Waliokipinga kipimo hicho walieleza kuwa hakikuzingatia vya kutosha madarasa ya watoto wenye ulemavu, ambayo kisheria hupaswa kuwa madogo. Shule iliyowahudumia watoto hao ikaonekana inapoteza nafasi.

Mwaka uleule bodi ilianza kugawa fedha kwa idadi ya wanafunzi. Mfumo huo unafanana na kapitesheni ya Kenya, ila wa Chicago ulibeba hata mishahara ya walimu. Shule ikipoteza watoto 30, inapoteza mwalimu. Baadaye anaondoka mkutubi, kisha somo la muziki, na mzazi anayeona hayo anamhamisha mwanawe. Januari 2014, miezi minane baada ya kura ile, bodi iliidhinisha shule mpya saba za mkataba (charter, zinazoendeshwa na watu binafsi kwa fedha za umma) zinazowania wanafunzi walewale. Ni vigumu kulieleza hilo kwa lugha ya kiofisi. Bodi ilifunga shule kwa kukosa watoto, kisha ikafungua nyingine.

Mfano mwingine ni Sekondari ya Dyett katika mtaa wa Bronzeville, iliyopigiwa kura mwaka 2012 ifungwe taratibu. Mwaka 2015 wazazi na wakazi waligoma kula kwa siku 34, na shule ikafunguliwa tena 2016. Sauti yao ilipaswa kusikika miaka minne kabla.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha mwaka 2018 kwamba alama za watoto wa shule zilizofungwa zilishuka tangu mwaka wa tangazo, na za hisabati zilibaki chini kwa miaka minne. Na mwezi mmoja tu baada ya kura ya kufunga shule, Juni 2013, bodi ilipitisha bila zabuni mkataba wa dola milioni 20.5 wa kuwafunza walimu wakuu. Mtendaji mkuu wa shule za Chicago wakati huo, Barbara Byrd-Bennett, alikiri mwaka 2015 kosa la ulaghai lililohusu malipo ya hongo katika mkataba huo.

Haki inataka isemwe pia kwamba shule zenye watoto wachache mno zipo kweli. Mwaka 2024/25 Sekondari ya Douglass ilikuwa na wasiofika 50, na ni shida kuwapa masomo yote wanafunzi wachache hivyo.

Mapendekezo ni haya. Kipimo cha nafasi kiandikwe upya, madarasa ya watoto wenye ulemavu yahesabiwe kwa viwango vyake. Kila shule ihakikishiwe kwanza walimu wa msingi kabla ya kuhesabu vichwa, kama mamlaka ya shule za Chicago ilivyoanza kufanya 2024/25, na utaratibu huo ulindwe. Shule mpya isiidhinishwe katika eneo ambalo nyingine imefungwa kwa kukosa watoto. Mkataba mkubwa usipitishwe bila zabuni. Baraza la shule lisikilizwe kabla ya kura. Na kipimo, tunarudia, kiandikwe upya. Novemba 2024 wananchi walichagua wajumbe 10 kati ya 21. Bodi yenye wajumbe wote wa kuchaguliwa inatarajiwa kuketi Januari 2027, na suala hili liwe ajenda ya kikao chake cha kwanza.