Kabaila Aliyesubu Shaba Ili Azione Nyota



Leo nataka kuwahadithia habari za mtu aliyezaliwa katika utajiri, ambaye angaliweza kukaa maisha yake yote akihudumiwa, lakini alichagua kusimama mbele ya tanuri la moto pamoja na wahunzi. Jina lake ni William Parsons, Earl wa tatu wa Rosse. Alizaliwa mjini York, Uingereza, mwaka 1800, bali nyumba ya wazee wake ilikuwa ngome ya Birr, katikati ya nchi ya Ireland. Siku zile mji ulio chini ya ngome hiyo uliitwa Parsonstown, kwa jina la ukoo wake.

Alisoma Dublin, kisha Oxford, akafaulu sana katika hesabu. Aliingia katika Bunge angali kijana, lakini mwaka 1834 aliacha siasa ili apate nafasi ya kushughulikia elimu ya nyota. Mwaka 1836 alimwoa Bibi Mary Field, binti wa tajiri, na mali ya bibi huyo ilisaidia sana gharama za kazi yake.

Na kazi yenyewe ilikuwa hii. Iko darubini ya namna iliyo na kioo kilichobonyea kidogo kama sahani, ambacho hukusanya nuru ya nyota na kuirudisha mahali pamoja. Kioo kikiwa kikubwa, nuru inayokusanywa huwa nyingi, na vitu vilivyo mbali sana huonekana. Siku zile kioo cha namna hiyo kilisubiwa kwa shaba nyekundu na bati, kadiri ya mafungu mawili ya shaba kwa fungu moja la bati. Mchanganyiko huo hung'aa sana, lakini huvunjika upesi, na ukipoa kwa haraka hupasuka.

William Herschel, mtazamaji mashuhuri aliyemtangulia, alitengeneza vioo vizuri mno, lakini hakuchapisha siri ya kuving'arisha. Basi Lord Rosse ilimbidi aanze upya. Mafundi wake aliwafundisha mwenyewe, watu wa mashamba yake, wakajifunza kazi ambayo hapana mtu duniani aliyekuwa ameifanya kwa ukubwa ule. Walianza na vioo vidogo, wakafikia cha upana wa futi 3, kisha bwana wao akakusudia cha futi 6.

Tarehe 13 Aprili 1842 matanuri yaliwashwa kwa ule udongo mweusi wa kinamasi ambao watu wa Ireland huukausha na kuuchoma mahali pa kuni. Shaba na bati zikayeyuka, zikamiminwa katika kalibu. Kisha kioo, kingali chekundu kwa moto, kikaingizwa katika tanuri la kupozea, kikaachwa humo wiki 16. Baadaye kilisuguliwa na kung'arishwa kwa mtambo wa mvuke. Si kila kioo kilitoka salama. Viko vilivyopasuka, na taabu yote ikarudiwa tangu mwanzo. Lakini wahenga wetu wamesema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwisho walipata vioo viwili, kila kimoja kadiri ya tani tatu, ili kimoja kikifubaa kwa unyevu, kingine kishike zamu.

Darubini ilikuwa tayari Februari 1845. Bomba lake la mbao lilikuwa na urefu uliozidi futi 50, likaning'inizwa kwa minyororo baina ya kuta mbili kubwa za mawe. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule Lord Rosse alikitazama kimoja katika vile vijiwingu vyeupe vya mbinguni, akaona kwamba kimejizungusha kama maji ya kizingia. Akakichora kwa mkono wake. Hapana mtu aliyekuwa ameona umbo lile kabla yake.

Lakini mwaka huo huo msiba uliifikia Ireland. Ugonjwa uliozesha viazi, chakula cha maskini, na njaa ikashika nchi hata mwaka 1849. Watu kadiri ya milioni moja walikufa, na wengine wengi wakahama kwenda ng'ambo. Darubini kubwa kupita zote duniani ikasimama bila kazi, maana mwenyewe alishughulika na mambo ya njaa katika jimbo lake. Mabwana wa mashamba wa Ireland walilaumiwa sana siku zile, na lawama nyingi zilikuwa za haki. Huyu alijua kwamba nyota zitangoja, na tumbo halingoji. Kazi ya kutazama ilishika njia tena baadaye.

Msidhani alipatia katika kila jambo. Aliamini kwamba vijiwingu vyote ni makundi ya nyota, na baadaye ilijulikana kwamba vingine ni hewa tupu ing'aayo. Lakini katika miaka ya 1920 wataalamu walithibitisha kwamba vile vilivyojizungusha ni makundi makubwa ya nyota, yaliyo mbali kabisa na kundi hili letu.

Lord Rosse alifariki mwaka 1867. Mwanawe Charles, aliyekulia katikati ya mitambo ile, ndiye aliyevumbua mwaka 1884 mtambo wa mvuke uliokuja kuendesha meli na kutoa umeme. Darubini ya baba yake haikupitwa kwa ukubwa hata mwaka 1917, ilipokamilika ile ya Mount Wilson, Marekani. Kioo chake kimoja kimehifadhiwa London, na katika miaka ya 1990 darubini ilitengenezwa upya pale pale Birr.

Mabibi na Mabwana, liko jambo moja ninalopenda mwende nalo nyumbani. Mtu huyu alipokwisha kujua siri ya kusubu na kung'arisha, aliiandika yote, vipimo na makosa pia, akaichapisha ili kila mtu aisome. Mali yake ilikuwa ya kurithi, lakini ujuzi aliutafuta kwa jasho, na alipoupata hakuuficha.