AFYA YA MKUFUNZI
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Murongo)



Nimetakiwa niseme machache juu ya afya ya wakufunzi wa vyuo vya ualimu. Huenda mmoja wenu akauliza, Sisi makarani latuhusu nini jambo hili? Watoto wetu hapa Murongo, ukingoni mwa Mto Kagera, hufundishwa na walimu, na walimu hao walifundishwa na wakufunzi. Mkufunzi ajiharibuye mwili huigwa na wanafunzi wake, nao hueneza desturi hiyo katika shule nyingi.

Dawa zake ni nyepesi. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wa Tanzania walijifunza kwa redio, katika vikundi, wakachimba vyoo na kuchemsha maji. Mambo madogo, yakitendwa na wengi, huleta faida kubwa.

Kwanza, sauti. Kwa mkufunzi sauti ni chombo cha kazi, kama kalamu ilivyo kwetu. Kooni mna nyuzi mbili ndogo ambazo, mtu asemapo, hutetemeka mara 100 na zaidi kwa sekunde. Apazaye sauti kutwa ili aishinde mvua juu ya bati huzichosha hata zikavimba. Basi mvua inyeshapo, na aandike ubaoni, wanafunzi wasome kimya. Anywe maji mara kwa mara, na ubao aufute kwa kitambaa kibichi, vumbi la chaki lisiruke. Akipwelewa na sauti zaidi ya majuma 3, aende hospitali.

Pili, mwendo. Shirika la Afya Duniani lawashauri watu wazima wapate walau dakika 150 za mwendo wa haraka kila juma, yaani nusu saa kwa siku 5. Vilima vya Karagwe na Kyerwa havitozi ada.

Tatu, usingizi. Mtu mzima ahitaji saa 7 au zaidi, naye alale ndani ya chandarua, maana malaria haijatutoka. Madaftari yaliyosalia yatasahihishwa kesho.

Nne, chakula na usafi. Ndizi kwa maharage na mboga zatosha. Kibaya ni kushinda na chai tupu. Tena anawe mikono kwa sabuni. Twakumbuka ugonjwa wa Marburg uliozuka mkoani mwetu, Bukoba Vijijini mwaka 2023, na Biharamulo mwaka 2025.

Neno la mwisho ndilo zito. Wako wakufunzi waonao haya kusema, "Nimechoka," wakaificha huzuni yao hata kazi ikawashinda. Mwenzao asemapo hivyo, wasimhesabie uvivu. Wamgawie vipindi, wamsikilize, wamsindikize kwa mganga ikibidi. Nasi ofisini tufanye vivyo hivyo, kwani chama ambacho wanachama wake hawajuliani hali kina faida gani?