Leja ya Zamani Ndani ya Mashine Mpya

(Maelezo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu na wanachama, Chang'ombe, Dodoma)



Nimeombwa nieleze jambo ambalo baadhi yenu mmelisikia kwa mafundi wa mjini mkalidhania mazingaombwe: kompyuta moja kuendesha mifumo endeshi miwili kwa wakati mmoja. Nitaanza na habari ya mama mmoja.

Mama huyo alifika katika chama cha akiba na mikopo nilichokuwa nikikikagua, akiwa na kitabu cha akiba cha marehemu mumewe. Kitabu kilionyesha shilingi 486,000. Leja ya mfumo mpya ilionyesha 48,600. Katibu, kijana ambaye sikumwona na hila yoyote, hakuwa na njia ya kupambanua lipi ni kweli. Hesabu za miaka ya nyuma zilikuwa katika programu ya zamani iliyotumia Windows XP, na kompyuta yenyewe ilikwisha kufa kwa vumbi letu hili la Dodoma. Wajumbe wa bodi wakaanza kumtazama mama yule kama mwongo.

Kwa bahati, diski ya mashine ile ilikuwa nzima. Fundi aliinakili yote, akaiweka katika kompyuta mpya kwa kutumia programu iitwayo VirtualBox. Alihangaika siku mbili, kwa kuwa Windows ya zamani hukataa kuamka inapokuta vifaa isivyovijua. Hatimaye iliamka ndani ya dirisha, huku mfumo mpya ukiendelea na kazi zake nje. Tukafungua leja: shilingi 486,000. Aliyehamisha hesabu alikuwa ameacha sifuri moja.

Mfumo endeshi ndio msimamizi wa mashine. Ndio unaogawa kumbukumbu, unaopokea herufi kutoka kwenye kibodi na kuamuru printa. Kwa desturi msimamizi huwa mmoja. Programu kama VirtualBox huunda kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta halisi. Mfumo uliowekwa humo huamini kwamba una diski yake, kumbe diski hiyo ni faili moja kubwa tu. Ni mithili ya tembe: vyumba viwili vyenye milango mbalimbali, paa moja. Mafundi huuita mfumo wa nje mwenyeji, na wa ndani mgeni. Wazo hili si la jana. IBM ilikuwa ikilitumia katika kompyuta kubwa tangu miaka ya 1960, VMware ikalileta katika kompyuta ndogo mwaka 1999, na VirtualBox ilitoka mwaka 2007. Sehemu yake ya msingi haina malipo.

Mtauliza, kwa nini tusiendelee tu na mashine ya zamani? Leo taarifa za vyama hupelekwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya MUVU, yaani Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, na kazi hiyo yahitaji intaneti. Windows XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama Aprili 2014, Windows 7 ikafuata Januari 2020. Kuiweka mashine ya namna hiyo katika intaneti ni sawa na kuacha ghala wazi usiku. Ndiyo maana mgeni akiwekwa, mtandao wake ukatwe kabisa katika mipangilio. Mwenyeji peke yake ndiye atoke nje.

Mahitaji si makubwa. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 yatosha; Windows XP hufanya kazi vizuri kwa megabaiti 512 tu. Mashine ikikataa, aghalabu ni kwa sababu uwezo huo umezimwa katika mipangilio ya kiwandani, na fundi huuwasha kwa dakika chache. Leseni ya mfumo wa zamani bado yahitajika. Kuuweka ndani hakuufanyi kuwa wa bure. Printa za zamani za utepe huleta taabu, basi hifadhini ripoti kama faili, mwenyeji aichape.

Sasa nasema kama mkaguzi. Methali yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu asipewe jembe hata siku ya mia. Kazi yake ni kusomwa. Chama kikianza kuandika mapato katika mfumo wa nje na mengine katika ule wa ndani, kitakuwa na vitabu viwili, nasi wakaguzi tunajua vitabu viwili huzaa nini.

Tena kuna jambo ambalo mafundi hulisifu, lakini mimi hulitazama kwa jicho jingine. Programu hizi huweza kuhifadhi hali ya mgeni kama ilivyo saa hii, na baadaye kumrudisha hapo hapo. Yote yaliyoandikwa katikati hutoweka, wala mgeni mwenyewe hakumbuki kwamba yaliwahi kuandikwa. Kwa fundi huo ni msaada. Kwa mweka hazina mwenye nia mbaya ni kifutio kisichoacha alama. Kwa hiyo, siku mgeni anapowekwa, chapeni urari na orodha ya akiba na hisa za kila mwanachama. Kamati ya usimamizi ilinganishe orodha hiyo na mfumo mpya, jina kwa jina, isaini, na nakala ikae nje ya kompyuta. Vilevile hali iliyohifadhiwa ndani ya mashine ile ile si akiba ya dharura. Diski ikifa, vyote vimekufa. Nakilini faili la mgeni katika diski ya nje, ifungiwe kabatini, kwa maana ina siri za watu.

Chama kile kilimlipa mama yule. Kisha tulipolinganisha majina yaliyobaki, tulikuta wanachama wengine wanne waliopoteza sifuri, na mmoja aliyeongezewa. Huyo wa mwisho hakuwa amekuja kulalamika.

Mashine ipo hapa mezani, Ndugu Makatibu. Baada ya chai tutamwamsha mgeni mbele yenu, na kila mwenye diski ya zamani aliyoiacha kabatini anieleze iko katika hali gani.