Nani Atapata Nafuu? Tiba ya Endoskopi kwa Mfuko wa Chakula Uliolegea

Mada kwa wahudhuriaji wa kliniki ya kisukari, familia zao na wahudumu wa afya ngazi ya jamii



Mgonjwa anayekula wali mchana akautapika usiku wa manane mara nyingi huambiwa ana vidonda vya tumbo. Hupewa dawa, hurudi nyumbani, na hali huendelea ileile. Kwa baadhi yao, hasa walioishi na kisukari miaka mingi, chanzo ni kingine: mfuko wa chakula umelegea na hausukumi chakula kwenda kwenye utumbo mwembamba kwa wakati wake, ingawa hakuna kilichoziba njia. Ugonjwa huu huitwa gastroparesisi. Kisukari huharibu neva inayouongoza mfuko huo, upasuaji wa tumbo nao unaweza kuijeruhi, na kwa wagonjwa wengi chanzo hakipatikani.

Mwaka 2013 daktari Mouen Khashab na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walitoa taarifa ya mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa njia mpya. Mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, mpira wa endoskopi hupitishwa mdomoni, daktari huchimba njia nyembamba chini ya utando wa mfuko wa chakula, kisha hukata msuli wa piloro, yaani lango la kutokea chakula. Tumbo halipasuliwi kwa nje. Habari za tiba kama hii husafiri haraka kuliko maelezo yake, na hapo ndipo penye hatari: familia yaweza kuuza shamba kwa ajili ya safari na matibabu, mgonjwa akarudi anatapika kama alivyoondoka.

Katika utafiti uliofanyika Prague na kuchapishwa mwaka 2022, wagonjwa 41 wenye hali mbaya waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walikatwa msuli, wengine walifanyiwa utaratibu wa kuigiza tu. Baada ya miezi 6, asilimia 71 ya waliokatwa walikuwa wamepata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Wenye kisukari walifikia asilimia 89, wasiojulikana chanzo 67, na waliowahi kupasuliwa 50. Makundi hayo yalikuwa madogo mno kuegemewa kwa uzito wote, lakini yanaonyesha kwamba chanzo cha ugonjwa si jambo la kupuuzwa.

Utafiti mwingine wa mwaka huohuo, katika vituo 5, uliwafuatilia wagonjwa 80 kwa mwaka mzima. Waliofanikiwa walikuwa asilimia 56 hivi. Mambo mawili yaliashiria mafanikio: dalili kali tangu mwanzo, na chakula kilichobaki tumboni kupita asilimia 20 saa 4 baada ya kula. Kiasi hicho hupimwa kwa mlo mwepesi, aghalabu ute wa yai na mkate, uliotiwa mionzi kidogo ili kamera maalumu iufuate. Mfuko wenye afya hubakiwa na asilimia 10 au pungufu.

Maana yake si ngumu. Kukata lango humsaidia yule ambaye lango ndilo kikwazo. Mfuko unaojisukuma vyema, au kichefuchefu chenye chanzo kingine, hakitibiwi kwa kisu. Hata hivyo takwimu hizi ni za makundi. Mwenye kila ishara njema aweza kukosa nafuu, na hakuna daktari mwaminifu atakayemwahidi vinginevyo.

Kipimo chenyewe hakifanyiki katika hospitali ya wilaya, lakini maandalizi yake huanzia huku. Sukari ikiwa juu siku ya kipimo, mfuko hulegea zaidi na jibu hupotosha. Dawa kali za maumivu, kama morfini na tramadoli, hufanya vivyo hivyo, na baadhi ya sindano mpya za kisukari na kupunguza uzito pia. Kwa hiyo mgonjwa anayepewa rufaa abebe daftari lake la sukari na dawa zote anazotumia, zikiwemo alizonunua dukani. Endoskopi ya kawaida nayo hutangulia, ili kuhakikisha hakuna uvimbe wala kovu lililoziba njia.

Wakati huo mgonjwa ale kidogo mara nyingi, chakula laini kisicho na mafuta mengi. Anayetumia insulini amweleze mhudumu kuhusu kutapika huko, kwa sababu chakula kikichelewa na insulini ikawahi, sukari hushuka ghafla.

Na kabla familia haijalipa chochote kwa tiba hii, imwulize daktari: ni asilimia ngapi ya chakula ilibaki baada ya saa 4, sukari ilikuwa ngapi siku hiyo, na ni wagonjwa wangapi wa aina hii aliowatibu ambao bado wana nafuu baada ya mwaka mmoja.